Isaac Komnenos: mjomba au baba mkubwa?

SWALI: Natafsiri makala kuhusu Anna Komnene, binti wa Kaisari wa Bizanti (dola ya Kirumi ya mashariki) aliyeandika historia ya utawala wa baba yake. Isaac, kaka wa baba yake, nimemwita "mjomba". Mwenzangu anasema nimekosea. Kwani mjomba si ndugu yeyote wa kiume wa mzazi?

JIBU: Mwenzako yuko sahihi. Mjomba ni ndugu wa kiume wa mama. Wa baba ni baba mkubwa au baba mdogo, kutegemea nani alitangulia kuzaliwa. Pwani wapo wanaosema ami au amu. Najua mijini siku hizi kila mwanamume wa makamo ni "anko". Kwenye daladala haidhuru, ila katika tafsiri ya historia anavuruga mambo.

Na kwa Anna yanavurugika kweli. Alizaliwa Konstantinopoli mwaka 1083. Baba yake, Alexios I, alitoka ukoo wa Komnenos. Mama yake, Irene, ukoo wa Doukas. Anna Dalassene, bibi yake mzaa baba, hakuiva chungu kimoja na akina Doukas. Alexios alipotawazwa mwaka 1081, Irene hakuvikwa taji siku hiyo. Alingoja siku saba. Ukimwita Isaac mjomba umemhamishia ukweni kwa ndugu yake.

Isaac alimtangulia Alexios kuzaliwa, basi kwa Anna ni baba mkubwa. Adrian, ndugu yao mwingine, alizaliwa baada ya Alexios: baba mdogo. Mjomba hasa ni mtu kama John Doukas, ndugu wa Irene, jemadari aliyeirudisha Smyrna mikononi mwa Bizanti mwaka 1097.

Tena yupo John mwingine, mwana wa Isaac, gavana wa Dyrrachium. Aliposhukiwa kuasi, Isaac alikwenda mbio hadi Philippopolis kumtetea, akagombana na Adrian mbele ya Kaisari. Andika "wajomba wawili walizozana" na msomaji atadhani ni ugomvi wa upande wa mama, kumbe ni ndugu wa baba, tumbo moja, wakigombea heshima ya mtoto wa mmoja wao. Huyo John ni binamu wa Anna kwa maana ya asili kabisa, kwani neno lenyewe limetoka Kiarabu, mwana wa ami. Leo tunawaita binamu hata watoto wa shangazi na wa mjomba, nami sioni ubaya.

Manuel I, mwana wa kaka yake Anna, mwite mpwa bila wasiwasi. Pa kuwa mwangalifu ni kwa Maria wa Alania. Anna alichumbiwa utotoni na mwanawe, Constantine, akalelewa kwa muda nyumbani kwa mama huyo. Ndoa haikufungwa, aliyemwoa Anna ni Nikephoros Bryennios. Kwa hiyo usimwite Maria mama mkwe. Andika "mama wa mchumba wake wa kwanza".