Shule ya Title I: omba mkalimani mama, mwache mtoto apumzike

SWALI: Habari ya kazi. Tulitoka Congo, huu ni mwaka wa pili tuko Kentucky. Shule ya watoto wangu wanasema ni ya Title I. Kila nikiitwa shuleni, mtoto wangu wa darasa la 5 ndo ananitafsiria. Juzi wameleta karatasi inaitwa kompakti nisaini, sijui ndani kuna nini. Na mikutano yao ni saa 8 mchana, mimi saa hizo niko kiwandani. Naweza kuomba mkalimani ama nitaonekana msumbufu, wasije wakamchukia mtoto?

JIBU: Mama, omba, na usiombe kwa kunong'ona. Nianze na hilo la mtoto maana linaniuma kila nikiliona kwenye vikao, mwalimu anasema huyu hajaleta homuweki wiki nzima, mtoto anamgeukia mama anasema "amesema niko sawa", mama anashukuru anaondoka. Na hata mtoto akiwa mkweli kabisa, kumbebesha kazi ya kutafsiri habari zake mwenyewe ni kumuonea. Sheria ya haki za kiraia ya Marekani ya 1964 inakataza shule inayopokea hela za serikali kuu, kama hiyo yenu ya Title I, kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na ndo humo inatoka haki ya mzazi asiyejua Kiingereza kupewa habari muhimu za shule kwa lugha anayoielewa, bila kulipa hata senti.

Kwahiyo siku chache kabla ya kikao piga simu ofisini au tuma meseji kwenye ile apu ya shule, taja jina la mtoto, sema unataka mkalimani wa Kiswahili, ikiwezekana wa Kiswahili cha Congo, maana saa zingine kwenye simu anawekwa mtu wa Kenya au Tanzania na mnaachana njiani. Ukiona hamuelewani sema hapo hapo wakutafutie mwingine.

Halafu angalieni ile fomu ya kumuandikisha mtoto, ina swali la lugha ya nyumbani. Wazazi wetu wengi wanajaza Kiingereza wakiogopa mtoto atapelekwa ESL, yaani masomo ya Kiingereza kwa watoto ambao bado wanajifunza lugha hiyo, matokeo yake kwenye kompyuta ya shule nyumba nzima inaonekana inajua Kiingereza na hakuna anayewaza kukutafutia mkalimani. Jaza Kiswahili, au Kibembe, au Kinyarwanda, chochote mnachoongea. ESL yenyewe unaweza kuikataa, shule inatakiwa ikuandikie ndani ya siku 30 tangu mwaka wa masomo uanze, ikueleze mtoto yuko levo gani, kwa nini wamemuweka humo, na kwamba una haki ya kumtoa. Mimi sishauri kumtoa haraka haraka, ila uamuzi ni wako.

Sasa kompakti. Title I ni hela za serikali kuu kwa shule zenye watoto wengi wa familia za kipato kidogo, zilianza na sheria ya 1965 na sasa zinaongozwa na ile ya 2015 inayoitwa ESSA. Masharti ya hela hizo yanaibana shule, hayakubani wewe. Kompakti inaandika shule itafanya nini na nyie nyumbani mtafanya nini ili mtoto afaulu. Haina deni ndani yake, na ESSA haisemi popote kwamba usiposaini mtoto anafukuzwa. Lakini usisaini usichokielewa, rudi nayo uombe usomewe. Tena inatakiwa itengenezwe pamoja na wazazi, kwahiyo kuna kitu hakijakukaa vizuri kiseme, na kwa mtoto wa elementari lazima kuwe na kikao na mwalimu cha kuizungumzia angalau mara moja kwa mwaka.

Saa 8 mchana isikushinde. Sheria inataka wapange mikutano kwa nyakati tofauti, asubuhi au jioni, na inawaruhusu kutumia hela za Title I kulipia usafiri, mtu wa kuwaangalia watoto, au hata mwalimu kukutembelea nyumbani. Distrikti, yaani ofisi inayosimamia shule za eneo lenu, ikipata zaidi ya dola 500,000 za Title I lazima itenge angalau asilimia 1 ya kuhusisha wazazi, na wazazi wanatakiwa waulizwe itumike vipi. Kama mko wamama kadhaa wa zamu moja kiwandani, nendeni pamoja mkaombe mkutano wa jioni na gari, wengi wakiomba kitu kimoja ni vigumu kupuuzwa.

Una haki pia ya kuuliza kama mwalimu wa mtoto ana leseni ya jimbo, na mtoto akifundishwa wiki 4 mfululizo na asiyetimiza masharti hayo, shule yenyewe lazima ikuambie.

Kuhusu kumchukia mtoto, sheria inakataza shule kulipiza kisasi kwa mzazi aliyedai haki. Wakikukatalia mkalimani anza na mkuu wa shule, kisha distrikti, ikishindikana peleka malalamiko Ofisi ya Haki za Kiraia ya wizara ya elimu ya Marekani, ni bure ila usipitishe siku 180 tangu ilipotokea. Ndo maana meseji ni bora kuliko mdomo, inabaki ushahidi, na ukipiga simu andika tarehe na jina la uliyeongea naye. Meseji yenyewe iandike kwa Kiswahili kama Kiingereza kinakusumbua.