Maswali ya Wasomaji: Seva zetu tuzipeleke kituo gani?

SWALI: Tunauza vipuri vya magari kwa jumla, tuna matawi Dar es Salaam na Morogoro. Seva zetu mbili ziko chumba cha nyuma dukani. Umeme ukikatika, hakuna tawi linalojua stoo kuna nini. Vituo viwili vya data vimetupa bei, kimoja kinajitangaza kuwa "Tier III". Je, hilo latosha kuamua? – Msomaji, Kariakoo

JIBU: Halitoshi, ndugu msomaji. Tier III ni daraja la kituo cha data, maana yake mitambo inaweza kufanyiwa matengenezo bila seva kuzimwa. Kiwango cha kuwa hewani kinachotajwa sana ni asilimia 99.982 ya muda, yaani kuzimika kama saa 1.6 tu kwa mwaka. Lakini Uptime Institute, taasisi inayotoa madaraja haya, hutoa cheti cha michoro na, mbali na hicho, cheti cha jengo lililokamilika. Ulizeni wanacho kipi. Michoro haiwashi jenereta.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye raki (kabati la seva) yenu wenyewe. Kituo kizuri hukupa njia mbili za umeme, A na B, na kila seva iwe na pawa saplai mbili. Fundi mwenye haraka huchomeka nyaya zote mbili upande mmoja. Upande huo ukizimwa, seva nazo zinazima. Kosa la pili linajificha zaidi. Tuseme kila njia ina breka ya ampea 16, A imebeba ampea 9 na B 9. Kila kitu kinaonekana salama. A ikikatika, mzigo wote wa ampea 18 unahamia B, breka inaruka, raki nzima inakuwa giza. Jumla ya A na B isizidi ampea 13 hivi, ili breka moja iweze kubeba yote na ibaki na nafasi. Kabla ya kuanza kazi zimeni A, muone seva zinaendelea. Irudisheni, kisha zimeni B. Kituo kikikataa jaribio hilo, tungekiacha.

Kuhusu dizeli, ulizeni tangi linatosha saa ngapi mzigo ukiwa kamili, na jenereta ilijaribiwa lini ikiwa imebeba mzigo. Kuiwasha tupu kila wiki hakuthibitishi kitu.

Mtandao nao: Mei 12, 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, intaneti ikayumba nchini kote. Kampuni mbili za intaneti zinazopita mkongo mmoja ni njia moja tu. Kwenu kuna nafuu, kwa kuwa matawi yote yako nchini. Chagueni kituo kilichounganishwa na TIX ya Dar es Salaam, mahali kampuni za intaneti hubadilishana data humu nchini, na hakikisheni kampuni inayohudumia matawi yenu imeunganishwa hapo pia, ili data isilazimike kuvuka bahari.

Msilipie raki nzima ya 42U (U ni kipimo cha kimo cha nafasi kwenye raki). Seva mbili za 2U na swichi moja ya mtandao ya 1U ni 5U. Robo raki yatosha. Someni pia kifungu cha fidia kwenye mkataba: huduma ikikatika, mara nyingi mnapunguziwa ada ya mwezi tu, mauzo yaliyopotea hayarudi. Kwa hiyo nakala ya data ya kila usiku ikae jengo lingine.