Maswali na Majibu: Mtoto katoka shule saa 5, nani anampokea?

Mwezi huu barua nyingi zimetoka Kigoma, na karibu zote zinahusu zile saa zilizo kati ya kengele ya shule na mzazi kurudi nyumbani. Katika shule nyingi za msingi, watoto wa awali, darasa la kwanza na la pili huruhusiwa kati ya saa 5 na saa 6 mchana, ilhali kaka na dada zao hubaki mpaka saa 8 na nusu au saa 9. Ongeza siku za kufunga shule, mtihani wa darasa la saba mwezi Septemba, upimaji wa darasa la nne, vikao vya walimu, na siku ambazo madarasa hugeuzwa vituo vya kupigia kura. Tumezifupisha barua kidogo.

Nafanya kazi ya kuanika dagaa mwaloni Kibirizi, pale ufukweni boti zinaposhushia samaki. Wanangu wawili, wa awali na wa darasa la kwanza, wanatoka shule kabla ya saa 6. Nyumbani hakuna mtu, kwa hiyo wananifuata mwaloni wanacheza hadi nimalize. Jirani anasema nakosea. Nifanyeje, na dagaa hawasubiri? (Mama, Kibirizi)

Mama, jirani yako ameona hatari ya kweli, hata kama kukulaumu tu hakukusaidii. Dagaa walioanikwa asubuhi wanataka kugeuzwa, kulindwa na kunguru, na kukusanywa mbio wingu likifunga. Kila ukiinama kwenye kichanja, wanao umewapa mgongo. Na mtoto anayezama hapigi kelele. Mdomo uko chini ya maji, mikono inasukuma maji chini badala ya kupunga, na dakika mbili tatu zinatosha. Ziwa Tanganyika lina kina cha meta 1,470 hivi panapozidi, na hata karibu na ufukwe kuna mahali unakanyaga mchanga hatua ya kwanza, ya pili hupati chini. Boti za injini zinaingia na kutoka. Maji ya kando yenye majani na konokono yana kichocho. Mwalo si mahali pa mtoto wa miaka mitano kusubiria, hata kama watu wamejaa, maana palipo na watu wengi kila mmoja hudhani mwenzake anaangalia.

Dawa yake ni zamu ya wazazi, na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu zamu nyingi huanza vizuri zikafa wiki ya tatu.

Tafuta nyumba nne au tano ambazo watoto wanaweza kufika kwa miguu bila kuvuka barabara kubwa. Usichague wauza dagaa watupu. Hili ndilo kosa linaloua zamu: dagaa wakipatikana, mnahitajika wote mwaloni siku ileile. Wavuvi hutumia taa usiku, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, boti zinalala. Siku hizo za mbalamwezi ndizo zako za kupokea watoto. Siku za giza wapokee mshonaji, mama mwenye kibanda nyumbani kwake, au baba anayelinda usiku ambaye mchana keshaamka. Chukueni kalenda, wekeni alama kwenye wiki za mbalamwezi, kisha gaweni siku zilizobaki.

Watoto wa awali hadi darasa la pili wasizidi sita kwa mtu mzima mmoja. Kama kuna mwingine wa chini ya miaka mitatu, wasizidi wanne. Mwenye zamu asiwe na kazi nyingine ya moto siku hiyo: asikaange maandazi wala kupika pombe uani huku watoto wanakimbizana. Kila mzazi alete chakula cha wake, au mchange. Kwa watoto sita mlo mmoja unataka unga kilo 1 kasoro kidogo, maharage makavu nusu kilo au dagaa wakavu robo kilo, nyanya tatu, kitunguu, na mafuta ya mawese vijiko vinne au vitano vikubwa. Wekeni na ndoo ya lita 20 yenye koki kwa kunawa, na maji yaliyochemshwa ya kunywa, angalau nusu lita kwa kila mtoto.

Halafu daftari. Ukurasa mmoja kwa kila mtoto: jina, darasa, namba mbili za simu za wazazi, ugonjwa alionao kama pumu, kifafa au selimundu na dawa yake, na majina ya watu wasiozidi watatu wanaoruhusiwa kumchukua. Mtoto akifika andika saa, akichukuliwa andika saa na jina la aliyemchukua. Hata kama ni mjomba mnayemjua wote, kama hayumo daftarini, piga simu kwanza.

Wekeni pia zamu ya akiba. Msiba hautoi taarifa, na mwenye zamu akiondoka ghafla bila mbadala, watoto wataachiwa binti wa darasa la sita, hapo zamu imekwisha bila mtu kusema. Jina la akiba liandikwe kando ya kila siku. Anayekosa zamu yake analipa siku ndani ya mwezi huohuo, maana deni la siku likivuka mwezi huzaa ugomvi.

Jambo la mwisho ni gumu kulisema ila litamkwe siku ya kwanza, wazazi wote wakiwapo: watoto wanakaa ukumbini au uani, mlango wazi, hakuna mtu mzima wala kijana anayeingia na mtoto chumbani peke yao, na mtoto hafundishwi siri ya kumficha mama yake. Ukiona dalili ya udhalilishaji, nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto.

Kijana wangu ana miaka 10, mdogo wake 6. Siku wanazotoka mapema nawaambia waingie ndani, na mpangaji mwenzangu anawafungia kwa kufuli la nje hadi nirudi saa 11. Je, ni salama kuliko kuwaacha wazurure? (Baba, Katubuka)

Hapana, baba. Kufuli la nje ndilo sehemu ya hatari kuliko zote katika mpango wako. Nyumba zetu nyingi madirisha yana nondo. Moto ukishika godoro, moshi unajaza chumba muda mfupi sana, na mtoto hukimbilia uvunguni au nyuma ya kabati, mahali ambapo mwokoaji hamwoni. Mpangaji mwenzako akiwa ametoka kwenda sokoni na ufunguo mfukoni, majirani watabaki kuvunja mlango.

Kijana wa miaka 10 anaweza kujiangalia mwenyewe nusu saa, saa moja. Kumwangalia wa miaka 6 kutwa hawezi. Akiitwa mpira atasahau, na hilo ni la umri wake, usimpige kwa hilo. Kwa kuwa mpangaji mwenzako yupo na ameshakubali kubeba ufunguo, muombe abebe kitu kikubwa zaidi: awapokee, awaone kwa macho kila baada ya robo saa, mlango ukiwa wazi. Mlipe, au mlipie umeme. Ukiomba bure mtu hutoa kilichobaki kwenye siku yake.

Kabla ya kutoka asubuhi pita chumbani hivi: jiko la mkaa limezimwa na majivu yamemwagwa nje, maana mkaa unaofuka ndani hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, mafuta ya taa hayamo kwenye chupa ya soda, viberiti viko juu, ndoo na mapipa ya maji yana vifuniko. Wafundishe jambo moja la huduma ya kwanza: aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno, bila yai, bila mafuta. Na aliyekunywa mafuta ya taa asilazimishwe kutapika, kwa sababu yakirudi juu huingia mapafuni. Apelekwe hospitali mara moja.

Naishi Ujiji na wajukuu watatu. Macho yangu hayaoni mbali. Wakitoka shule mapema, msimu wa maembe wanapotea juu ya miembe hadi jioni. (Bibi, Ujiji)

Shikamoo Bibi. Miembe ya Ujiji ni mirefu na ya siku nyingi, na tawi la mwembe lililooza ndani kwa nje linaonekana zima. Msimu wenyewe unakuja pamoja na mvua, gome linateleza. Kuwakataza kabisa hakutafika mbali, kwa hiyo wape kingoe: mti mrefu wa meta tatu au nne, ncha imefungwa kijiti cha pembe na kifuko cha neti cha kupokelea embe. Anayechuma anasimama chini. Ngurumo ikisikika, wote ndani, hata kama mvua haijaanza. Wasikae chini ya mti.

Kwa kuwa macho yanasumbua, tumia masikio. Wapangie kazi yenye sauti karibu na baraza yako: kuimba jedwali la kuzidisha, kusoma kitabu cha darasa kwa zamu, kutwanga kisamvu. Kimya kikipita dakika kumi, waite kwa majina, na kila mmoja aje akuguse mkono. Kama kuna kisima uani, kifuniko kiwe kizito asichoweza kuinua mtoto wa darasa la tatu, na kamba ya ndoo ikae kwako.

Bodaboda wa mtaani kwetu anawachukua watoto watatu wa darasa la kwanza kwa mara moja, bei rahisi. Kuna ubaya? (Mzazi, njia ya Mwandiga)

Upo. Kanuni za usafiri wa pikipiki zinakataza kubeba mtoto wa chini ya miaka 9, na abiria ni mmoja. Mtoto mdogo miguu haifiki kwenye vikanyagio, hushikilia shati, na breki ya ghafla inamtupa. Unganeni wazazi watatu mlipe bajaji moja, dereva yuleyule, awakabidhi mikononi mwa mtu mzima aliyetajwa na si kuwashusha barabarani. Au mtu mmoja awasindikize kwa miguu. Mwendo wa watoto wa darasa la kwanza ni kilomita moja kwa dakika 20 hadi 25, hesabu hivyo.

Niwaachie chakula gani? Nikipika saa 12 asubuhi, wao wanakula saa 7. (Mama, Mwanga)

Muda huo ni mrefu kwa wali, maharage na mboga ya nazi. Wali uliokaa katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili huanza kuota vijidudu ambavyo sumu yake haiishi hata ukipasha tena, ndiyo maana mtoto hutapika baada ya chakula ambacho hakinuki kitu. Kama una chupa ya chai nzuri, mimina uji wa moto sana hadi shingoni, usiache nafasi, ufunge. Ukifunguliwa saa 7 uwe bado unafuka mvuke. Usipofuka, umwagwe. Bila chupa, waachie vitu visivyoharibika: viazi vitamu vilivyochemshwa vikiwa bado na maganda, ndizi mbivu, karanga za kukaanga kwa waliokwisha kutimiza miaka mitano, parachichi, na mkate. Dagaa wa kukaanga wakavu kabisa wanafaa, wenye mchuzi hawafai.

Muhogo mbichi uwe mwiko kabisa. Mtoto mwenye njaa anayerudi mapema hung'oa shambani, na ule mchungu unaolowekwa siku kadhaa kabla ya kusaga unga una sumu inayoua. Kichwa kumuuma, kutapika na kuhema haraka baada ya kula muhogo ni safari ya hospitali papo hapo.

Nimepata binti wa miaka 13 kutoka kijijini, awe anapokea wanangu. Nimlipe kiasi gani? (Msomaji, Gungu)

Usimchukue. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka umri wa chini wa kazi kuwa miaka 14, na hapo pia ni kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Huyo binti naye yuko kwenye umri wa kupokelewa akitoka shule. Tafuta mtu mzima wa saa chache, kuanzia saa 5 hadi saa 10, mlipane kwa siku.

Mwalimu anawatangazia watoto leo asubuhi, saa 4 wametoka. Wazazi hatujui. Tunalalamika wapi? (Wazazi kadhaa, Buzebazeba)

Anzeni kwa mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu, kisha kamati ya shule, na nendeni mkiwa na ombi linalotekelezeka. Ombeni mambo matatu. La kwanza, orodha ya siku zote fupi za muhula ibandikwe lango la shule wiki ya kwanza. Siku za mitihani na za kufunga zinajulikana mapema. La pili, dharura itumwe kwa ujumbe mfupi wa kawaida kwa wazazi watano wa kila darasa, na kila mmoja wao apigie kumi. Kundi la WhatsApp peke yake linawaacha wenye simu za vitochi, nao mara nyingi ndio walio shambani au mwaloni. La tatu, mtoto wa awali hadi darasa la pili ambaye mzazi wake hakupatikana abaki shuleni chini ya mwalimu wa zamu mpaka saa yake ya kawaida ya kutoka.

Mwalimu atasema hana mtu wa kuwaangalia, na anaweza kuwa anasema kweli: tangu elimu bila malipo ianze 2016 madarasa yamejaa. Basi wazazi wajitolee wawili wawili kwa siku zile fupi zilizo kwenye orodha, wakae nao kwenye darasa moja au chini ya mti wenye kivuli, na mwalimu mkuu awaandike majina kwenye kitabu cha wageni. Mzazi ambaye mwanawe bado yupo saa 8 apigiwe simu, na asipopokea, mtoto akabidhiwe kwa mtu wa pili aliyeandikwa na mzazi kuwa anaruhusiwa kumchukua.