Kuku gani wa kuongeza bandani? Anza na wale ulionao

Mkuu, umesema una tembe sita wa Rhode Island Red na unataka kuongeza wanne: Polish kwa kile kishungi chao, na Leghorn kwa mayai. Ngoja nikueleze yaliyonikuta, maana nilianzia hapo hapo ulipo.

Nilikuwa na Rhode Island Red watano, nikawachanganya na Polish watatu. Siku ya tatu nikamkuta mmoja amejibanza nyuma ya ndoo ya maji, kichwa kakiinamisha, kishungi kimenyonyolewa nusu na utosi unavuja damu. Wenzake walikuwa wanamdonoa kinyoya kimoja kimoja, taratibu kabisa, kama wanaookota mtama. Kuku akishaona damu haachi. Na Polish mwenyewe haoni anayemjia, manyoya yamemfunika macho. Nilimtoa, nikamsafisha kidonda, nikampunguza manyoya ya mbele ya macho kwa mkasi. Alipona, lakini pale sikumrudisha. Polish wangu wote sasa wanaishi na Silkie, kuku wadogo wapole wenye manyoya laini, banda lao peke yao, na wametulia. Iliniuma sana, kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Tangu hapo, kabla ya kuuliza mayai mangapi, naangalia kwanza tabia ya waliopo. Rhode Island Red ni mgumu na anataga vizuri, ila ni mbabe. Mtafutie mwenzake wa umbo linalolingana naye, mtulivu lakini asiyeonewa kirahisi. Kwangu waliokaa naye vizuri ni Sussex, Plymouth Rock na Australorp, na huyu wa mwisho ndiye ningekushauri uchukue. Kwa utagaji usiwe na shaka naye: mwaka 1922 hadi 1923 huko Australia, Australorp 6 walitaga mayai 1,857 kwa siku 365. Nyumbani hutafika huko, lakini damu ni ile ile.

Leghorn anataga sana, hali sana, na ni nadra kuatamia. Shida yake ni woga. Anaruka uzio kirahisi, na mlango ukigongwa tu banda zima linapigwa na taharuki. Kama eneo lako ni finyu, mwache. Orpington ni mpole sana ila anapenda kuatamia, na akishakaa hizo siku 21 na kulea vifaranga, yai lake lisahau kwa muda. Ukitaka vifaranga, huyo ni wako. Brahma ni mzito, anachelewa kuanza kutaga na joto linamchosha.

Vyovyote utakavyochagua, usilete kuku mmoja, ataonewa na wote. Watenge wageni siku 30, mbali na wenyeji, na uwahudumie wa mwisho. Kuku aliyepona mafua anaweza kuonekana mzima huku anaambukiza wengine. Baada ya hapo waweke wiki moja au mbili wakitenganishwa na waya tu, waonane bila kufikiana. Wengi husema uwaingize usiku wakiwa wamelala yaishe. Nimejaribu, asubuhi vita ilikuwa pale pale. Waya ndiyo iliyonisaidia. Akijitokeza mbabe mmoja, mtoe yeye, si anayeonewa. Wangu nilimtenga siku nne, akarudi akakuta wenzake wameshapangana, ikabidi naye ajipange upya.

Jambo moja watu hulisahau: chakula. Ukileta mitetea ambao hawajaanza kutaga, usiwape chakula cha kuku wa mayai, kina chokaa nyingi na inaharibu figo za kuku mchanga. Mimi huwalisha wote chakula cha kukuzia, halafu naweka magamba ya chaza yaliyosagwa kwenye chombo cha pembeni. Tembe wanayafuata wenyewe, mitetea wanayapita.