Mpini wa mkuki: weka brasi, hiyo plastiki achana nayo

Mkuu, umesema hao askari wako wadogo wa kuchezea, Wamakedonia wa kale wa plastiki wenye kimo cha milimita 28, kila ukiwagusa mikuki inavunjika na sasa unataka kuikata yote uweke mipini mipya. Mi ningeenda na waya wa brasi wa milimita 0.8, unakatika kwa koleo la kawaida tu, ukipinda unaulaza kwenye kioo unauviringisha kwa ubao unanyooka, afu ncha ukiigonga na nyundo ndogo inalala bapa, unaichonga na tupa ushapata kichwa cha mkuki bila kununua.

Ila sarisa, yaani mkuki wa askari wa Makedonia, ilikuwa ndefu, kwenye mita 5 hadi 6 hivi, kwa saizi yako ni kama sentimita 10, na brasi ya urefu huo inapinda ovyo. Hapo tafuta waya wa chuma mgumu. Usiukate na koleo lako zuri, litamomonyoka meno kama langu, na kipande kinaruka kama risasi kwa hiyo vaa miwani. Ncha isage iwe butu kidogo, mi nishatobolewa kidole mara mbili nikiwa natafuta rula tu mezani.

Spoku ya baiskeli usithubutu, milimita 2 kwa kamtu hako ni nguzo ya umeme. Kijiti cha meno nacho hapana, ukipaka rangi nyuzi za mti zinaonekana.

Kiganja kitoboe na drili ya mkono, biti ya 0.9, tone la supagluu, na waya upige msasa kwanza ndo upake praima (rangi ya kwanza ya kushikia), la sivyo rangi inabanduka.