Mafuta hayatoi chumvi: kwa wadogo zangu mnaoanza na bunduki za zamani za Kirusi, Mosin na SKS

Jumamosi nilikuwa renji hapa Houston, benchi la jirani kuna dogo mmoja wa kwetu kaja na Mosin 91/30 mpya, mpya kwake yeye maana chuma chenyewe cha 1942, kafungua lile kopo la bati la risasi za sapulasi, yaani masalia ya jeshi, kapiga kama 60 hivi huku anacheka peke yake kila ikilipuka. Raha tupu. Halafu akatoa kitambaa chenye mafuta akapangusa kwa nje, akapitisha na ndani mara moja, akaitumbukiza kwenye begi la sponji, zipu mpaka mwisho, huyoo nyama choma. Mpaka namaliza kukusanya maganda yangu nimfuate, gari lishatoka. Sijalala vizuri tangu siku ile ndo maana naandika.

1. Kosmolini, ile grisi nzito waliyoihifadhia bunduki stoo, itoe yote. Sio ile unayoiona, yote. Kwenye SKS hili sio suala la usafi, pini ya boliti, ile inayogonga praima kitakoni mwa risasi, kwenye SKS nyingi haina springi, inacheza huru, sasa ikigandishwa na grisi ikiwa imechomoza mbele, boliti ikijifunga tu risasi inalipuka hujagusa triga, na inaweza kukumwagia zote 10 mfululizo. Tikisa boliti karibu na sikio. Usiposikia pini inagonga ndani kaka-kaka, rudi jikoni ukaichemshe boliti tena mpaka grisi itoke. (Mke wangu ana lake la kusema kuhusu sufuria la pilau, tuliache.)

2. Risasi za Mosin, 7.62x54R, zina ukingo kitakoni, ukipanga kwa mkono hakikisha ukingo wa ya juu unakaa mbele ya ukingo wa ya chini. Basi.

3. Hapa sasa kaeni.

Mosin yangu ya kwanza nilinunua 2011, enzi hizo zilikuwa zinauzwa chini ya dola 100 zimepangwa kwenye pipa kama mafagio. Nikachagua nusu saa nzima, nikapata ya kiwanda cha Tula, Urusi, ya 1933, ile yenye muhuri wa nyota na mshale ndani, resiva (mwili unaobeba boliti) ya pembe, namba zote zinalingana na hazijagongwa upya. Na mtutu! Ukichungulia kwenye taa unaona mistari inavyozunguka inang'aa kama sufuria la bi harusi. Bunduki imepita vita nzima, imekaa stoo miaka na miaka, imevuka bahari, haina hata doa. Nikainunulia kopo la risasi 440, za miaka ya 1970, nikaenda nikapiga 40. Mzee mmoja wa pale renji, Mmarekani, mtu wa maneno machache, akaniuliza una maji ya kuoshea? Nikacheka. Maji kwenye chuma? Nikamwonyesha kopo langu la mafuta ya bei mbaya. Akatikisa kichwa akaendelea na yake.

Nikapaka mafuta, nikafunga kwenye begi, kesho yake nikapanda ndege kwenda Tanga harusini kwa dada. Wiki tatu. Houston mwezi wa nane mnaijua, hewa yenyewe unaweza ukaikamua.

Nimerudi, kitu cha kwanza nimefungua begi. Boliti haifunguki. Nikagonga na kiganja, ikafunguka kwa mlio ambao mpaka leo nikiukumbuka meno yanasisimka. Nikachungulia mtutu, giza. Nikapitisha brashi ikatoka na unga mwekundu kama pilipili ya kusaga, nikapitisha tena, tena, vitambaa 30, mwisho mtutu ukaonekana na una vishimo kuanzia chemba, pale risasi inapokaa, mpaka mdomoni. Miaka 78 Warusi na Wajerumani wameshindwa kuuharibu, mimi nimeumaliza kwa wiki tatu nikiwa nakula biriani.

Praima za risasi zile zina kloreti ya potasiamu, ikilipuka inabaki kloridi ya potasiamu, ndugu wa damu wa chumvi ya mezani, inanyonya unyevu wa hewani na kula chuma, na mtutu wa Mosin hauna kromu ya kuukinga. Mafuta hayayeyushi chumvi, yanaifunika tu iendelee na kazi yake. Maji ndo yanayeyusha. Na kinachoniuma, mimi mtoto wa Tanga! Nimekua naona bati la nyumba yetu linaliwa na chumvi ya bahari, baba anabadilisha misumari kila baada ya muda, na sijawahi kumwona akipaka bati mafuta ya kupikia. Nilikuwa na jibu tangu darasa la pili.

Kwa hiyo: hakikisha haina risasi, toa boliti, faneli kwenye chemba, birika zima la maji ya moto, osha na uso wa boliti, kausha kabisa, ndipo mafuta. Kwenye SKS osha na pistoni na tyubu ya gesi. Siku hiyohiyo.

4. 91/30 ya Kisovieti ilirekebishwa shabaha ikiwa imevaa singe. Ukiivua inahama, usiitukane. Halafu kwa yadi 100 itapiga juu, ni kawaida. Jamaa yangu mmoja yake ilikuwa inapiga juu, akachukua tupa akaisugua ncha ya mbele, ile ya kulengea shabaha, ipungue, ikapiga juu zaidi, akasugua tena, ikapanda tena, nilimkuta kabakiza kijiti kama cha njiti ya kiberiti. Ncha ya mbele ukiifupisha risasi inapanda, kaka.

5. Wenye viza za muda, sheria kwanza, duka baadaye.

6. Mnaniuliza naipenda ipi. Mosin, pamoja na yote. Ya pili SKS ya Simonov. Bastola ya Makarov ya tatu, na bastola ya TT ni nzuri mkononi ila kiasili haina sefti ya kufunga kwa mkono, ujue hivyo. Rivolva ya Nagant ya 1895 silinda yake inasogea mbele kuziba gesi, ufundi wa saa ule, ila triga yake kama unavuta nanga. AK sina, mnanishangaa. Kwetu tunaiita SMG, nimekua naiona begani kwa askari wa lindo benki, kwenye bendera ya Msumbiji ipo, mimi nikiishika najihisi niko kazini.

Dogo wa Jumamosi, kama unasoma hii, leo Jumatatu, bado hujachelewa sana. Fungua hilo begi, bandika birika.