Waingereza walikataa nini hasa mwaka 2011?

SWALI: Shikamoo Bi. Mimi ni mwalimu wa Uraia, sekondari, huku Muheza. Tulipofika kwenye mifumo ya uchaguzi niliwaandikia wanafunzi ubaoni matokeo ya Uingereza ya 2024. Chama cha Labour walipata asilimia 33.7 ya kura wakatwaa viti 411 kati ya 650. Chama cha Reform walipata asilimia 14 wakaambulia viti 5. Darasa zima likaja juu. Mwanafunzi mmoja akasema Waingereza waliwahi kuulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka kubadili mfumo, wakakataa, basi wasilalamike. Wewe umeishi kule. Je, ni kweli?
Mwalimu, Muheza

JIBU: Marahaba, mwalimu. Kukataa walikataa, tena mimi nilikuwamo ndani ya kura hiyo. Lakini hebu tuangalie waliulizwa nini.

Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari wenzangu walipiga kura ya maoni juu ya serikali ya umoja wa kitaifa. Mimi siku hiyo nilikuwa London, kwenye nyumba ya kulelea wazee, nabadilisha mashuka. Iliniuma, na bado inaniuma. Kisha nikaja kujua kwamba raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali ana haki ya kupiga kura kule. Ndiyo maana kura ya maoni ya kwanza maishani mwangu niliipiga ugenini, mtaani Haringey, hukohuko London, Alhamisi ya tarehe 5 Mei 2011.

Bendera za harusi ya Prince William, iliyofanyika wiki moja kabla, zilikuwa bado zinaning'inia madirishani. Nilitoka zamu ya usiku nikaenda moja kwa moja kituoni. Nikataja jina na anwani, basi. Wakati huo hukudaiwa kitambulisho, na wino wa kidole hawana. Nikapewa karatasi moja na penseli iliyofungwa kwa uzi.

Karatasi iliuliza: mfumo wa sasa, ambao anayeongoza kwa kura jimboni ndiye mbunge hata akiwa na thuluthi tu, ubadilishwe tuweke ule wa kupanga wagombea kwa namba? Ndiyo au Hapana. Njia ya tatu haikuwapo.

Huu wa namba waeleze wanafunzi kwa kura mia. Wa kwanza ana 40, wa pili 35, wa tatu 25. Hakuna aliyevuka nusu, basi wa tatu anatolewa, na zile karatasi zake 25 zinatazamwa: nani ameandikiwa namba 2? Kama 18 zinakwenda kwa wa pili na 7 kwa wa kwanza, wa pili anafika 53 na mwenzake 47. Mbunge anapatikana kwa zaidi ya nusu. Jambo zuri, ila ni la jimbo moja moja. Haliahidi kwamba chama chenye asilimia 14 ya kura nchi nzima kitapata viti vinavyokaribia asilimia 14. Kwa hiyo lile lililowaudhi wanafunzi wako lisingetibiwa na Ndiyo ya 2011. Mfumo wa uwiano, yaani viti kufuata asilimia ya kura, ambao sisi tunauonja katika mgawo wa viti maalumu vya wanawake bungeni, haukuwekwa kwenye karatasi.

Kwa nini haukuwekwa? Mwaka 2010 chama cha Liberal Democrats walipata asilimia 23 ya kura na viti 57. Wao ndio waliokuwa wakiudai uwiano miaka nenda miaka rudi. Conservative wa David Cameron hawakutaka kubadili chochote. Wakaunda serikali pamoja, wakakutana katikati, kwenye mfumo ambao upande wowote haukuupenda kwa dhati. Mwezi Desemba mwaka huohuo serikali yao ikapandisha kikomo cha ada ya chuo hadi pauni 9,000, ilhali Nick Clegg, kiongozi wa Liberal Democrats, alikuwa ameahidi kupinga. Vijana niliofanya nao kazi hawakutaka hata kusikia jina lake. Wengi walikwenda kupiga Hapana ili kumwadhibu Clegg.

Halafu ule woga wa gharama. Bibi mmoja niliyekuwa nikimhudumia alinionyesha tangazo gazetini: kitoto kichanga hospitalini, na maneno kwamba kinahitaji wodi, si mfumo mpya wa kura. Waliopinga walisema mfumo mpya ungegharimu pauni milioni 250. Ndani ya hesabu hiyo walitia gharama ya kura ya maoni yenyewe, pamoja na mashine za kuhesabia ambazo serikali haikuwa na mpango wa kuzinunua. Australia wanapanga wagombea kwa namba na wanahesabu kwa mikono. Nilimweleza. Akaniambia, “Lakini mwanangu, kitoto kile.” Nami sikuwa na la kumjibu.

Matokeo: Hapana asilimia 67.9. Waliojitokeza walikuwa asilimia 42 tu. Kati ya maeneo 440 ya kuhesabia, Ndiyo ilishinda katika 10, Haringey yetu ikiwamo.

Sasa waonyeshe New Zealand. Kule chama chao cha Labour walizidi kwa kura mwaka 1978 na tena 1981, mara zote mbili wapinzani wao, chama cha National, wakashika serikali. Watu walipochoka waliulizwa kwa hatua. Septemba 1992: je, mnataka kubadili? Na ikibadilika, upi kati ya mifumo hii minne? Asilimia 84.7 wakataka kubadili. Wakapewa mwaka mzima wa kuubishania ule ulioongoza, kisha Novemba 1993, siku ya uchaguzi mkuu, wakaupambanisha na wa zamani. Mfumo wa uwiano mchanganyiko, wenye wabunge wa majimbo na wengine wa orodha za vyama ili viti vikaribiane na kura, ukapita kwa asilimia 53.9. Mwaka 2011 wakaulizwa tena kama wameujutia, asilimia 57.8 wakasema ubaki.

Kwa hiyo yule mwanafunzi wako ana haki ya hoja yake kwa nusu. Juu ya uwiano Waingereza hawajawahi kuulizwa.

Kama una vipindi viwili, wape darasa wachague kiranja mara mbili. Mara ya kwanza swali uliandike wewe, lenye majibu mawili tu. Mara ya pili waandike wao swali kwanza, wabishane hata wiki nzima, ndipo wapige kura. Niandikie ilivyokuwa.